Kibanja Kilichoahidiwa Siku ya Talaka

Ahadi ya urithi inayotolewa wakati wa talaka ni neno la mtu aliye hai kuhusu mali itakayogawanywa akishafariki. Katika vijiji vya Kaisho, upande wa Kyerwa mkoani Kagera, Tanzania, uliokuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi mgawanyo wa 2012, ahadi hiyo kwa kawaida huchukua sura moja. Mume anabaki na kibanja chenye migomba na mibuni. Mke anarudi kwao bila kudai sehemu yake, na mbele ya wazee inatamkwa kwamba kibanja, au upande wake mmoja, kitakuwa cha watoto wa mke huyo baba yao atakapofariki. Miaka ishirini au thelathini baadaye baba anafariki akiwa na mke mwingine na watoto wengine, na pengine ameshauza kipande. Hapo ndipo karatasi ya zamani inapotolewa sandukuni, na watu wanaulizana kama ina nguvu yoyote.

Ikisomwa kama madai ya urithi, karatasi hiyo ni dhaifu. Ikisomwa kama deni la marehemu, au kama ushahidi wa mali iliyokwisha kutolewa akiwa hai, inaweza kuwa na nguvu kubwa. Wengi hushindwa kwa sababu hupita mlango wa kwanza wakati mlango wao ulikuwa wa pili.

Udhaifu wa madai ya urithi una chanzo chake. Mtu aliye hai hana warithi. Ana watu wanaotarajia kurithi tu. Mali ni yake mpaka siku ya kufa, na anaweza kuiuza, kuitoa, kuiweka rehani au kubadili wosia. Mtoto hana hisa katika kibanja cha baba aliye hai kwa sababu tu ni mtoto wake, na mke aliyeachwa kihalali hamrithi aliyekuwa mume wake. Kauli ya "nitawaachia" iliyotolewa bila kupokea chochote ni nia njema, na nia hubadilika.

Kabla ya kuipima ahadi yenyewe ni lazima kupima talaka, kwa kuwa mara nyingi kosa huanzia hapo. Sheria ya Ndoa ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1971, na tangu siku hiyo ndoa halali, iwe ya kimila, ya dini au ya kiserikali, haivunjwi na kikao cha ukoo, kurudishwa kwa mahari wala barua ya mtendaji wa kijiji. Shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakama ndiyo hutoa amri ya talaka. Hata talaka ya Kiislamu, ambayo hutolewa kwa taratibu za dini, huhitaji kuthibitishwa ili itambulike katika sheria za nchi. Zipo "talaka" nyingi za miaka ya 1980 na 1990 ambazo hazikufika mahakamani kamwe. Matokeo yake huzishangaza pande zote mbili: mwanamke anayeitwa mtalaka kwa miaka thelathini anaweza kuwa mke halali wa marehemu mpaka siku ya kifo, yaani mjane. Hapo hoja haiwi tena ahadi ya zamani. Anaweza kudai mchango wake katika mali ya ndoa ambayo haikuwahi kugawanywa, na kikao cha ukoo kilichomtangaza mke wa pili kuwa mjane pekee kinaweza kupingwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayeshika karatasi ya zamani ni kama ipo amri ya talaka ya mahakama, ya mwaka gani na ya shauri namba ngapi.

Ikiwa talaka ilipita mahakamani, huulizwa kilichofanyika kuhusu mali siku hiyo. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kugawanya mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, madeni, mila za jamii yao na mahitaji ya watoto wadogo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Uamuzi huo ndio unaotoa uzito kwa ahadi nyingi za baada yake. Mwanamke wa Kaisho aliyepalilia migomba, akachuma na kuanika kahawa na kulea watoto, alikuwa na haki inayohesabika katika kibanja kile. Alipoiacha haki hiyo kwa sababu ya ahadi, hakupewa zawadi. Alifanya mabadilishano.

Mabadilishano hayo ndiyo moyo wa suala lote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hudai malipo au badala ili makubaliano yawe mkataba. Ahadi ya bure kwa kawaida haina nguvu, isipokuwa ikiandikwa na kusajiliwa kati ya ndugu wa karibu kwa ajili ya mapenzi yao. Kuacha dai halali la mali ya ndoa ni badala ya kutosha. Hoja hii haikuanzia Kagera. Mwaka 1894 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la Synge, ambamo mwanamume alimwahidi mchumba wake kwa maandishi kwamba angemwachia nyumba atakapokufa, kisha baada ya ndoa akaihamishia kwa watu wengine. Mahakama ilisema ahadi hiyo ilikuwa mkataba, na mke alistahili fidia. Tanzania ilipokea sheria za kawaida na za haki za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, kwa hiyo kanuni ya shauri hilo ni ya kuzungumzika katika mahakama za hapa, ingawa hakimu anayeamua mirathi ya kimila hatalazimika kuanza nayo.

Jambo la kuzingatia katika uamuzi huo ni kwamba mke alipewa fidia. Nyumba ilikuwa imeshaondoka mikononi mwa mume. Mwenye ahadi ya kibanja ajiandae kwa matokeo ya namna hiyo: kibanja kikiwa bado kipo katika mirathi anaweza kukidai chenyewe, lakini kikiwa kimeuzwa kwa mnunuzi asiyejua habari za ahadi, kilichobaki mara nyingi ni thamani yake kutoka kwenye mali nyingine za marehemu.

Karatasi yenyewe inastahili kusomwa polepole. Mfano wa kawaida ni ukurasa wa daftari la shule, maandishi ya kalamu ya wino wa buluu, tarehe ya 1999, dole gumba la mke pembeni ya saini ya mume, majina matano ya mashahidi na mhuri wa mtendaji uliofifia. Mstari mmoja unasema: "Mke amekubali kuondoka bila kudai kitu, na kibanja cha bondeni ni cha watoto wake wanne, baba atakitunza mpaka wakue." Mstari mwingine, katika karatasi nyingine ya mwaka huohuo, unasema: "Baba atakapofariki watoto hawa watapewa kibanja cha bondeni." Kwa jicho la haraka karatasi hizi zinasema jambo moja, lakini mbele ya hakimu zinatofautiana. Ya kwanza imetoa kibanja siku ileile, na baba amebaki mtunzaji. Ya pili imeacha umiliki kwa baba na kuahidi jambo la baadaye. Mali iliyotolewa mtu akiwa hai haiingii katika mirathi yake; msimamizi wa mirathi hana cha kugawa hapo. Mali iliyoahidiwa tu huingia, na mwenye ahadi hulazimika kuidai.

Utoaji wa kweli huacha alama zake. Katika Kagera mipaka ya vibanja huonyeshwa kwa mimea ya mpaka, na mlamula uliopandwa mbele ya majirani mwaka wa talaka ni ushahidi ambao karatasi peke yake haiwezi kuupita. Ipo pia nyumba aliyojenga kijana mkubwa katika kibanja hicho, kahawa aliyopeleka chama cha msingi kwa jina lake, na majirani waliomwona baba akiomba ruhusa kabla ya kukata mkungu wa ndizi upande ule. Kinyume chake, baba akiendelea kuvuna kibanja chote, kukodisha migomba na kumjengea mke wa pili pale bila yeyote kulalamika, karatasi iliyosema "ni cha watoto" itahojiwa sana.

Wengine hutegemea miaka: watoto wamekaa pale zaidi ya miaka 12, basi kibanja ni chao. Hoja hii hutumika vibaya. Kukaa kwa muda mrefu kwa ridhaa ya mwenye mali, hasa kati ya baba na watoto, hakumpokonyi mwenye mali haki yake, kwa kuwa anayekaa kwa ruhusa hakai kinyume na mwenyewe. Miaka hiyo husaidia kama ushahidi kwamba utoaji ulifanyika kweli.

Mahakama pia ina mpaka wake kuhusu watoto. Mgawanyo wa mali ya ndoa ni kati ya mume na mke. Watoto si wadaawa, na mahitaji yao ni jambo moja tu la kuzingatiwa. Zaidi ya hapo, kama ahadi ilitolewa kwa mama kwa faida ya watoto, upande wa pili wa mkataba ni mama. Yeye ndiye wa kuudai, na kama amefariki, msimamizi wa mirathi yake. Watoto wanaofungua dai wenyewe kwa karatasi ambayo hawakuwa sehemu yake huweza kukwama mlangoni kabla hata ushahidi haujasikilizwa. Lakini wana njia yao nyingine: wao ni watoto wa marehemu, na talaka ya mama yao haikuwaondoa katika urithi wa baba. Mtoto aliye chini ya miaka 18 analindwa pia na Sheria ya Mtoto ya 2009, inayokataza kumnyima mtoto matumizi ya kuridhisha ya mali ya mzazi wake aliyefariki.

Njia hiyo ya urithi inategemea sheria itakayotumika. Kwa Mnyambo au Mhaya aliyeishi kijijini na kugawa mali kimila, mahakama kwa kawaida itaelekea kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Kanuni zake humweka mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wana wengine daraja la pili na mabinti la tatu, na humwacha mjane mikononi mwa watoto wake. Tangazo hilo bado lipo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri ubaguzi uliomo ndani yake katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga, lakini haikulifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliilaumu Tanzania kwa jambo hilohilo. Hata hivyo Kagera ndiyo iliyozaa shauri linalotajwa kila mara dhidi ya kanuni hizo. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, akidai mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema kanuni inayomzuia mwanamke kuuza wakati mwanamume anaruhusiwa inapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake au watoto haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kwa hiyo wazee wakimwambia binti kwamba ahadi aliyopewa na baba ilikuwa batili tangu mwanzo kwa kuwa "binti hapewi kibanja cha ukoo", wamepitwa na wakati kwa miaka mingi.

Si kila marehemu huhesabiwa kuwa wa kimila. Mahakama hutazama namna alivyoishi na nia aliyoionyesha. Mkristo aliyeacha maisha ya kimila anaweza kuangukia Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika Tanzania Bara. Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali na hauwezi kumwongezea mrithi bila ridhaa ya wengine, kwa hiyo ahadi ya kibanja kizima kwa watoto wa mke mmoja haitasimama kama wosia. Itasimama kama hiba iliyokabidhiwa baba akiwa hai, au haitasimama.

Karatasi ya talaka inaweza pia kuonekana kuwa wosia. Kwa kanuni za kimila, wosia wa maandishi wa mtu asiyejua kusoma na kuandika hutaka mashahidi angalau wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Anayejua kusoma hutosheka na wawili, mmoja wa kila upande, na anayerithi hapaswi kuwa shahidi. Kikao cha talaka kwa kawaida kina wazee wa ukoo na majirani, hivyo idadi hutimia bila mtu kukusudia. Lakini wosia hufutika. Kama marehemu aliandika mwingine baadaye, ule wa zamani umekwisha, na mwenye karatasi anarudi kwenye hoja ya mkataba. Hoja ya mkataba ndiyo imara zaidi, kwa sababu aliyekwisha kupokea badala hawezi kuifuta ahadi peke yake.

Ngazi ya juu kuliko zote ni ahadi iliyoingizwa katika amri ya mahakama. Pande mbili zikikubaliana na mahakama ikarekodi makubaliano yao kama hukumu, kinachodaiwa ni kutekelezwa kwa hukumu, na hukumu humfunga pia msimamizi wa mali za marehemu kwa kiasi cha mali alizoacha. Nakala iliyothibitishwa huombwa kwenye mahakama iliyotoa amri. Wenye talaka za zamani wakumbuke kwamba wakati huo Kyerwa ilikuwa Karagwe, hivyo jalada linaweza kuwa upande huo.

Muda ni adui wa madai haya. Sheria ya Ukomo wa Muda hutoa miaka sita kwa dai la mkataba, 12 kwa kurejesha ardhi, na 12 kwa kuomba utekelezaji wa hukumu. Kwa ahadi inayosubiri kifo, muda hauanzi kuhesabiwa siku ya talaka bali siku ahadi ilipovunjwa. Kwa kawaida ni baada ya kifo, mali inapogawanywa kinyume, au mapema zaidi ikiwa marehemu aliuza kibanja waziwazi akiwa hai. Mama aliyeona kibanja kikiuzwa na akanyamaza miaka saba amejiweka pabaya.

Ahadi ikidaiwa mwenye kuitoa akiwa bado hai, kazi ni nyepesi mara kumi, na ni ajabu jinsi familia zinavyosubiri msiba ndipo zizungumze. Akiwa na nia njema, ahadi igeuzwe sasa: kibanja kipimwe na kupewa hati miliki ya kimila kwa majina ya watoto au ya mama, kwa idhini ya halmashauri ya kijiji, au wosia uandikwe upya na kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, au kwa wakili. Mke wa sasa ashirikishwe. Sheria ya Ndoa hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kutolewa bila ridhaa ya mwenzi, na mke wa pili aliyeendeleza kibanja kwa miaka kumi na tano ana mchango wake ambao ahadi kwa mke wa kwanza haiwezi kuufuta. Nchini Kenya, hadi marekebisho ya 2021, sheria ya urithi ilimtaja hata mke wa zamani kati ya walioweza kuomba kutunzwa kutokana na mali ya marehemu. Tanzania Bara haina kifungu kama hicho cha jumla, na ndiyo sababu hati ya sasa ina thamani kuliko huruma ya mahakama ya kesho.

Baada ya kifo, mahali pa kwanza ni mahakama inayoshughulikia mirathi, kwa kawaida mahakama ya mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu. Ukoo hukaa kikao, muhtasari huandikwa, na mtu mmoja huomba kuteuliwa msimamizi. Mwenye ahadi asiishie kulalamika kwenye kikao. Akifuatilie, apate nakala ya muhtasari, na kama kibanja kimeorodheshwa kuwa mali ya kugawanya, aweke pingamizi kwa maandishi kabla au wakati wa maombi kusikilizwa. Mtalaka aseme wazi kwamba yeye si mrithi bali mdai. Tofauti hii ina matokeo ya moja kwa moja, maana msimamizi hulipa madeni ya marehemu kwanza na kugawa kinachobaki. Dai la mdai haligombani na zamu ya warithi. Liko mbele yao. Msimamizi akishateuliwa anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne, na huo ni muda wa kumwandikia rasmi, kuambatanisha nakala ya karatasi na kumtajia mashahidi walio hai. Msimamizi anayeficha dai linalojulikana au kugawa mali isiyo ya marehemu anaweza kuombewa kuondolewa.

Ushahidi ukusanywe kabla wazee hawajaisha. Mashahidi waliotajwa katika karatasi waandike maelezo yao na kuyasaini, na karatasi ya asili isikabidhiwe kwa mtu. Nakala itolewe, ya asili ionyeshwe mahakamani. Mgogoro ukiwa wa mpaka au umiliki wa ardhi wenyewe, baraza la kata tangu mwaka 2021 husuluhisha tu, halitoi tena hukumu. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wasiomudu wakili wanaweza kuwatafuta wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Familia nyingine za Kaisho zina shamba ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Uganda, lililotajwa katika karatasi hiyohiyo. Hilo hufuata sheria ya ardhi ilipo, na amri ya mahakama ya Kyerwa haitalihamisha. Dai lake lifunguliwe huko. Kwa mali iliyo upande wa Tanzania, asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya mwanzo katika mirathi hukata rufaa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30, na kutoka hapo Mahakama Kuu, Bukoba, ndani ya siku 30 nyingine. Katika mashauri ya ndoa muda ni siku 45.